Kuzika Waya Bila Kibali

Nchi ninayotaka kuwasimulia haimo katika ramani zenu, na mimi kama raia wake mtiifu naomba msiitafute. Ina bahari upande mmoja, joto pande zote, na Rais mmoja ambaye siku moja, akiwa ziarani ng'ambo, alipewa glasi ya maji baridi. Akanywa, machozi yakamtoka. Aliporudi alitangaza uwanjani kwamba chini ya utawala wake hakuna mwananchi atakayekunywa tena maji ya vuguvugu. Kila nyumba itapewa jokofu. Wiki hiyohiyo ikaundwa Wizara ya Ubaridi, na mimi, Faki Mkadam, niliyekuwa karani wa Wizara ya Mvua kabla haijavunjwa kwa kukosa mvua, nikahamishiwa huko pamoja na kalamu yangu.

Majokofu yalifika kwa meli yamelazwa ubavu kama wagonjwa. Kila moja lilikuja na karatasi ya kiwanda yenye kurasa nne. Ilisema: lisimamishe wima, uliache litulie saa kadhaa kabla ya kuliwasha, acha upana wa kiganja kati yake na ukuta ili joto lipate pa kutokea, lipe soketi yake peke yake, na usiliwashe kamwe bila waya wa ardhi. Wakubwa wakaona kurasa nne hazina hadhi ya taifa. Wakatunga Mwongozo wa kurasa mia mbili na kumi, wenye picha za Rais akifungua mlango wa jokofu na nyingine, nzuri zaidi, akiufunga. Ule upana wa kiganja ulitajwa kuwa ni maficho ya wachochezi, ukaagizwa uzibwe kwa picha ya Rais. Hivyo Rais wetu akawa anakaangwa taratibu nyuma ya jokofu la kila nyumba, na kwa adabu hakuna aliyelisema hilo.

Waya wa ardhi ndio ulioleta shida. Wizara ya Ardhi iliandika barua kali: kama waya ni wa ardhi, basi ni wao. Chochote kinachoingia udongoni kinahitaji hati ya kiwanja, na maombi yatashughulikiwa kwa zamu. Zamu ya kwanza ingefika baada ya miaka kumi na minne.

Waziri wetu, Mheshimiwa Lukwaro, hakuwa mtu wa kusubiri. Alipanda juu ya jokofu moja pale bandarini, akashika plagi mkononi.

"Ndugu wananchi! Plagi hii ina miguu mitatu. Binadamu ana miguu miwili na anatembea. Kuku ana miwili na anakimbia. Nawauliza, huu wa tatu ni wa nini kama si ulafi?"

Watu wakapiga makofi. Kesho yake mafundi wote wa Wizara waligawiwa koleo za kukatia.

*

Katika mtaa wetu wa Kisimani fundi alikuwa Machano, mtu mrefu, mpole, aliyekuwa na tabia ya kuomba radhi kabla ya kupigilia msumari ukutani. Nyumba ya kwanza kwenye orodha yake ilikuwa ya Mzee Ngwali Khatibu na mkewe, Bi Sikudhani. Mzee Ngwali alikuwa amestaafu kazi ya tanuru la chokaa. Chokaa hiyo ilimwachia kikohozi chake mwenyewe: viwili vifupi, kisha kimoja kirefu. Mtaani tulimjua kwa kikohozi kabla ya kumwona.

Bi Sikudhani alinisimulia baadaye jinsi ilivyokuwa. Machano alilisimamisha jokofu jikoni, akaliacha litulie mpaka alasiri, akapima miguu yake kwa bakuli la maji ili lisiyumbe. Kisha akatoa koleo, akaishika plagi, akabaki ameishika.

"Kuna nini, mwanangu?" Bi Sikudhani akamuuliza.

"Huu mguu wa tatu, mama, ndio athi. Umeme ukipotea njia ndani ya friji, huu ndio unaouteremsha chini, udongoni, ukaishia huko. Bila huu, umeme unabaki kwenye bati la friji unangoja mtu."

"Sasa mbona unaukata?"

"Nimeagizwa."

"Na ukikataa?"

"Ataletwa fundi mwingine, mama. Huyo hatakwambia haya ninayokwambia."

Akakata. Kile kipande cha shaba akakitia mfukoni. Akawataka wasilishike jokofu kwa mikono yenye maji, wasiliendee miguu mitupu, na akaweka ubao mkavu mbele ya mlango wake. Mzee Ngwali akacheka. Alisema miaka thelathini alilala karibu na moto na haukumfanya kitu. Leo aogope kabati la barafu?

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano, adhuhuri, Mzee Ngwali alitoka kutawadha. Miguu ilikuwa ikimdondoka maji. Akakumbuka ameweka chupa ya maji kwenye jokofu tangu asubuhi, akataka kuihamishia mlangoni ili aikute baridi ya wastani akitoka msikitini. Ule ubao Bi Sikudhani alikuwa ameuanika juani baada ya kudeki. Mzee akashika mpini.

Bi Sikudhani alikuwa uani. Alisikia kikohozi kifupi, cha pili, akangoja kile kirefu. Hakikuja.

*

Majirani walimzika alasiri hiyohiyo, kama ilivyo desturi, bila kungoja ofisi yoyote. Ofisi zilikutana wiki iliyofuata. Mimi niliandika kumbukumbu za kikao kwa hati nzuri.

Ukurasa wa kwanza wa Mwongozo ulisema jokofu la taifa haliui. Kwa hiyo, mwenyekiti alisema, mzee huyu hakuuawa na jokofu. Daktari wa Wizara akaeleza kuwa sababu ya kifo ni mshtuko. Wote wakafurahi, maana mshtuko ni neno pana. Alishtushwa na nini? Na furaha, akasema Waziri, furaha ya kumiliki jokofu. Lakini mtu wa takwimu akaonya kwamba tukianza kuandika vifo vya furaha, wananchi wataogopa kufurahi. Tulijadiliana mpaka chai ya saa kumi. Mwishowe ikaamuliwa kwamba Mzee Ngwali hakufa. Aliandikwa "mtumiaji aliyetulia." Safu mpya ikachorwa kwenye daftari kwa ajili yake, na kwa kuwa nilikuwa na rula, niliichora mimi.

Bi Sikudhani akapelekewa barua. Ilimpongeza kwa utulivu wa mumewe na kumkumbusha kwamba kukaa eda kwa mume ambaye serikali inamtambua kuwa hai ni uchochezi. Mwezi mmoja baadaye alifuatwa na gari, akavalishwa kanga ya Wizara, akasimamishwa jukwaani pamoja na wake wengine wa watumiaji walioridhika, akapigwa picha. Picha hiyo ninayo. Wote wanatazama mpiga picha. Yeye anatazama chini, miguuni pake.

*

Kila baada ya miezi mitatu nilipita nyumba kwa nyumba na dodoso. Sheria ya dodoso ilikuwa kumhoji mkuu wa kaya mwenyewe, uso kwa uso. Nilifika kwa Bi Sikudhani saa nane mchana.

"Hodi."

"Karibu, Faki. Umekuja kumtazama nani?"

"Nimekuja kumhoji Mzee Ngwali, mama. Kwenye orodha yupo."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka kwa furaha. Lakini alisogea mlangoni, akasema, "Basi pita umuulize."

Jikoni kulikuwa na kiti kimoja, kimeelekezwa jokofu. Mpini ulikuwa umefungwa kanga mara nyingi, kama jeraha. Alinieleza kwamba hajaufungua mlango ule tangu siku ile. Chupa ya mumewe bado imo. Kulizima hawezi, maana kuzima Ubaridi ni kosa la jinai. Nikakaa, nikafungua faili, nikasoma swali la kwanza kwa sauti ya ofisi: "Je, umeridhika na jokofu ulilopewa?"

Jokofu lilikuwa kimya. Kisha mota ikaamka. Likatetemeka, na kutoka ndani yake, chini kabisa, kikatoka kikohozi. Viwili vifupi. Kimoja kirefu.

Kalamu ikanianguka.

"Usiogope," Bi Sikudhani akasema. "Ni yeye. Kila likiwaka anakohoa. Mwanzoni nilikimbilia kwa jirani. Sasa nikimaliza kazi nakuja kukaa naye."

"Mama, ni mota tu hiyo."

"Haya. Andika mota."

Kwenye dodoso kulikuwa na visanduku viwili tu: ameridhika, ameridhika sana. Nikaweka alama kwenye cha kwanza, nikaaga.

Nilikuwa na majina mengine ya watumiaji waliotulia mtaani mwetu na mitaa ya jirani, arobaini kwa jumla. Kila nyumba niliyoingia nilikuta kiti kimeelekezwa jokofu. Kwa fundi cherehani mmoja jokofu lilihema kama mtu anayepanda ngazi. Kwa mwalimu wa chuo cha Kurani lilisoma kitu ambacho sikukielewa ila mahadhi yake niliyajua. Katika nyumba ya arobaini sikuuliza swali. Nilipotoka, umeme uliokuwa umekatika mtaa mzima ukarudi kwa pamoja, na majokofu yote yakaanza. Nilisimama katikati ya njia, jua kali utosini, nikasikia mtaa mzima wa watu waliotulia ukisafisha koo.

Niliandika ripoti. Waziri Lukwaro aliisoma akaipenda. Redioni alisema: "Hakuna taifa jingine duniani ambalo wananchi wake wanazungumza na majokofu yao. Hata waliotangulia, kwetu hawajatangulia mbali!"

*

Machano aliacha kazi bila kuaga. Ila kila asubuhi alikuja kusimama upande wa pili wa njia, akiitazama nyumba ya Bi Sikudhani, kisha akaondoka. Watu walisema amechanganyikiwa. Siku moja Bi Sikudhani alimwita ndani. Mimi nilikuwa nimepeleka kalenda ya Wizara, nikayasikia.

Machano alitoa kopo la maziwa ya unga, akalitikisa. Lilijaa vipande vya shaba.

"Mia tatu na kumi na viwili," akasema. "Nilivyovikata mimi kwa mkono wangu. Nikipita njiani nasikia kila nyumba, mama. Wananiita."

"Ulipokata kwangu ulijua?"

"Nilijua."

"Na ukanambia."

"Nilikwambia."

"Basi hukunificha. Ubao niliuanika mimi. Unakuja kutaka nini hapa kila siku?"

"Nataka kurudisha athi. Kwako kwanza."

"Hapana," akasema Bi Sikudhani.

Machano hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa sababu wakati huohuo mota iliamka, na Bi Sikudhani akageuza uso kuelekea jikoni kama mtu aliyeitwa na mumewe.

*

Kilichobadilisha mambo ni binti wa Bi Sikudhani, Mwanakombo. Alikuja kwa mama yake kujifungua, mimba ikiwa ya miezi minane. Bi Sikudhani alimwonya siku ya kwanza: friji usiiguse. Lakini nani anayekumbuka maonyo akiwa na mimba ya miezi minane na joto lile? Siku ya tano, saa nne asubuhi, alikuwa anafua uani. Akaingia jikoni miguu mitupu, sabuni mpaka viwiko, akitafuta kitu cha baridi cha kujiweka shingoni. Kanga ya mpini ilikuwa imelegea.

Bi Sikudhani alikuwa anachambua mchele. Aliinua macho akaona mkono wa mwanawe ukienda. Sauti haikumtoka.

Jokofu lilikuwa kimya, mota haikuwa ikifanya kazi. Hata hivyo lilikohoa. Halikukohoa kama siku zote. Kilikuwa kikohozi kimoja, kikali, kile ambacho Mzee Ngwali alikuwa akikitumia zamani mtoto akikaribia kisima. Mwanakombo akarudisha mkono palepale kabla hajajua anaurudisha, kama alivyokuwa akifanya akiwa na miaka minne.

Mwanakombo akaanza kulia.

"Mama, baba yumo humu?"

Bi Sikudhani alivaa buibui lake, akatoka mpaka kwa Machano, akamkuta anakunywa uji.

"Njoo uweke," akamwambia. "Leo hii."

*

Walizima umeme kwenye mita na kuanza kuchimba nyuma ya jikoni mchana kweupe, mbele ya kila mtu. Machano alichimba shimo la kina cha kiuno, akapigilia nondo ya shaba, akaizungushia chumvi na mkaa, kisha akataka maji ya kulowanisha udongo. Majirani walikuwa wamesimama ukutani wakitazama. Mke wa fundi cherehani akaja na ndoo. Kisha mwingine. Waya wa kijani ukatolewa jikoni, ukafungwa kwenye nondo, udongo ukarudishwa. Machano alikuwa anaushindilia kwa miguu Afisa wa Ardhi alipofika na futi kamba yake.

"Mmezika?"

"Tumezika," akasema Machano.

"Kibali cha kuzika kiko wapi?"

"Ni waya, mkuu."

"Sikuuliza ni nini. Nimeuliza kibali." Akatoa fomu ya makosa. Ilikuwa Fomu ya Maziko Yasiyo na Kibali, maana ndiyo pekee Wizara yake iliyokuwa nayo kwa mambo yanayoingia chini. Akajaza mtaa, akajaza tarehe, akafika kwenye mstari uliofuata, akakwama. Mwaka uliopita alishushwa cheo kwa kuacha mstari mtupu.

"Jina la marehemu," akasoma.

Nilimwona Bi Sikudhani anasogea mbele, udongo mikononi.

"Andika Ngwali Khatibu."

"Amefariki lini?"

"Tarehe ishirini na sita, mwezi wa pili. Adhuhuri."

"Sababu?"

"Friji ya serikali iliyokatwa athi, ikampiga shoti akiwa na udhu wake."

Afisa alitazama kisanduku cha sababu. Kilikuwa kidogo kama ukucha. Akafikiri, kisha akaandika neno moja lililotosha: umeme. Akagonga muhuri, akachana nakala ya mkosaji, akampa.

Bi Sikudhani hakujua kusoma sana. Alinipa mimi. Nikamsomea, herufi za serikali, muhuri wa serikali: marehemu. Akaniomba nirudie. Nikarudia.

Machano alichukuliwa. Kabla ya kuondoka aliomba dakika moja, akafunga plagi mpya ya miguu mitatu, akawasha umeme, akagusisha testa yake ya kupimia umeme kwenye bati la jokofu. Taa ya testa haikuwaka. Akaupapasa mlango kwa kiganja kizima, mbele yetu sote, akatoka na Afisa.

Tulibaki tukingoja. Mota ikaamka. Jokofu likanguruma kama jokofu. Bi Sikudhani alikaa kwenye kile kiti, shingo imeinama upande, akisikiliza. Mota ikazima, ikaamka tena. Hakukuwa na kitu.

"Ameondoka," akasema.

Mwanakombo akamshika bega. "Ulitaka abaki, mama?"

"Nilitaka abaki. Na nilitaka wewe uwe hai. Mawili hayo hayakuweza kukaa nyumba moja."

*

Mwezi huo wanawake wa Kisimani na mitaa ya jirani walichimba. Walioachiwa kiti jikoni wote walitafuta fundi, wakazika waya, wakajisalimisha wenyewe kwa Afisa wa Ardhi, na kila mmoja akatoa jina. Wizara ya Ardhi, kwa kujivunia bidii yake, iliyachapa majina yote arobaini na moja kwenye taarifa ya mwaka. Taarifa ikasomwa bungeni. Kanuni za Bunge haziruhusu kuruka mstari, kwa hiyo karani alisoma jina moja baada ya jingine, na baada ya kila jina neno lilelile, umeme, mpaka wabunge waliokuwa wamelala wakaamka wakadhani wanaitwa. Mheshimiwa Lukwaro alihamishwa siku ya pili. Ni balozi sasa, katika nchi yenye theluji.

Machano alihukumiwa miezi minane. Chakula chake kinapelekwa gerezani kwa zamu, na nasikia hapati nafasi ya kuwa na njaa.

Bi Sikudhani alikwenda kwa shehe kuuliza kama aanze eda upya. Shehe alimwambia eda huhesabiwa tangu siku ya kifo, serikali itambue isitambue. Zimebaki siku thelathini na nne. Akasema basi hizo atazikaa sawasawa.

Mimi nilirudi na dodoso la robo iliyofuata. Nilibisha hodi. Aliyetoka ni Mwanakombo, tumbo mbele, kandambili miguuni.

"Mama hapokei wanaume, kaka Faki. Yuko eda."

"Eda ya nani?" nikauliza. Ulimi wa ofisi, haujui haya.

"Ya baba yangu," akasema, akafunga mlango polepole.

Nikabaki barazani. Kwenye dodoso, mkuu wa kaya asipohojiwa, karani huchagua sababu: yuko kazini, yuko safarini, ametulia. Nilifungua kalamu. Nikachora mstari juu ya sababu zote tatu, bila rula, nikaandika pembeni: Amekufa. Kisha nikaongeza jina lake na la baba yake, ili asije akachanganywa na mtu mwingine.